Fotoniki ya maikrowevu ni nini?

Fotoniki ya maikrowevu ni tawi la uhandisi linalotumia mwanga wa leza kuzalisha, kusafirisha na kuchakata maikrowevu, yaani mawimbi ya redio ya megahezi 300 hadi gigahezi 300. Simu, rada na setilaiti zote hutegemea mawimbi hayo.

Tatizo lilianzia kwenye nyaya za shaba. Kadiri masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, yanavyopanda, ndivyo waya unavyozidi kumeza wimbi. Ishara ya gigahezi 10 ikipita mita 100 tu katika kebo nyingi za shaba, nguvu yake hupungua zaidi ya mara elfu. Kwenye faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo, mwanga huenda kama kilomita 15 ndipo nguvu yake ifikie nusu. Basi kifaa kiitwacho modyuleta huufanya mwanga wa leza ung'ae na kufifia kwa kufuata wimbi la redio. Upande wa pili, fotodayodi huugeuza mwanga huo kuwa umeme wenye wimbi lilelile. Kila ugeuzaji hupoteza nguvu na kuongeza kelele, kwa hiyo kwa umbali wa mita mbili tatu shaba bado inafaa zaidi.

Njia ya pili ndiyo inayonivutia hasa. Leza mbili zenye masafa yanayotofautiana kidogo zikimulika fotodayodi moja, hutoka wimbi la umeme lenye masafa sawa na tofauti yao. Mpiga gitaa analijua jambo hili kwa sikio: nyuzi mbili zikikaribia kulingana, sauti huanza kupiga mapigo. Mwanga unaotumika kwenye faiba una masafa ya takriban gigahezi 193,000, hivyo tofauti ndogo sana inatosha kuzaa maikrowevu.

Darubini ya redio ya ALMA, katika jangwa la Atacama nchini Chile, inaishi kwa mbinu hiyo. Antena zake 66 zinaweza kutawanyika hadi kilomita 16, na lazima zifuate mdundo mmoja. Miali miwili ya leza hutumwa pamoja kwenye faiba, na tofauti yake, kati ya gigahezi 27 na 122, huzaliwa ndani ya kila antena. Lakini faiba hubadilika urefu kwa joto, na hujisokota antena inapogeuka. Ndiyo maana sehemu ya mwanga hurudishwa kituoni ili mabadiliko ya urefu yapimwe, kisha kifaa maalumu huivuta au kuilegeza faiba papo hapo.