Mahitaji ya nyumbani kwenye buti: ziba pengo kwanza, kamba baadaye

Kazi yangu ni kuwafundisha madereva wa malori na mautingo wao namna ya kupakia na kufunga shehena, lakini swali ninaloulizwa mara nyingi nikiwa nje ya darasa linahusu magari madogo: kwa nini mfuko wa mahitaji uliowekwa wima kwenye buti pale Soko Kuu la Mwanza hufika Nyegezi ukiwa umelala, vitunguu vimeviringika hadi kwenye kona na maziwa yamelowesha zulia? Jibu langu ni lile lile ninalowapa watu wa malori. Mzigo husogea kwa sababu umeachiwa nafasi ya kusogea, na anayekimbilia kamba kabla ya kuziba nafasi hiyo ameanza kazi kinyumenyume.

Imani ninayokutana nayo zaidi, hata kwa madereva wazoefu, ni kwamba kitu kizito hutulia chenyewe. Ni kweli kwamba kiroba cha mchele cha kilo 25 hukandamiza sakafu kuliko mfuko wa mikate, na kwa hiyo msuguano wake ni mkubwa zaidi. Lakini gari linapofunga breki, nguvu inayokipeleka kiroba hicho mbele nayo huongezeka kwa kadiri ile ile ya uzito, hivyo faida yote hufutika, na kiroba huanza kuteleza katika breki ile ile ambayo ingeutelezesha mfuko mwepesi wenye kitako cha aina hiyo. Kinachoamua ni nyuso mbili zinazogusana. Breki kali kwenye lami kavu inaweza kuusukuma mzigo mbele kwa nguvu inayokaribia robo tatu ya uzito wake, ilhali kitambaa cha mfuko juu ya zulia la buti kwa kawaida hakishiki hata kwa nusu ya uzito huo. Ndiyo maana ninapendekeza tyubu kuukuu ya lori, iliyopasuliwa, ikaoshwa na kutandazwa juu ya zulia: mafundi tairi wanazo, bei yake ni ndogo, na hushika mzigo kuliko mikeka mingi inayouzwa kwa ajili ya urembo.

Kuteleza, hata hivyo, si mwendo pekee. Vitu virefu hupinduka. Mfuko wenye kitako cha upana wa sentimita 10, ambao uzito wake umekaa sentimita 20 juu ya sakafu, hupinduka ukisukumwa kando kwa robo tu ya uzito wake, na kipilefti kinachochukuliwa kwa haraka kidogo kinatosha kabisa kuleta msukumo huo. Vitu vya mviringo navyo havihitaji hata kona, kwani mteremko wowote huviamsha, na Mwanza haina uhaba wa miteremko. Anayepanda Isamilo au Bugando, au kuingia mitaa ya juu kwa barabara za mawe, mzigo wake huelekea mlangoni. Anayeshuka kuingia kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, mzigo huo huo hugeuka na kuelekea siti.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, tarehe 1 Juni 2019, wengi wetu tunabebea mahitaji kwenye mifuko mbadala ya kitambaa chepesi. Siilaumu, lakini lazima nikiri kwamba haisimami yenyewe: ukiitua tu, kuta zake huanguka na vilivyomo hutafuta njia ya kutoka. Kikapu cha ukindu chenye kitako kipana, au kreti la plastiki la pembe nne, huishinda kwa mbali.

Katika kupanga, mimi huanza na vizito visivyopondeka. Kiroba cha mchele au cha unga hulazwa kwa upana wa gari, kikigusa mgongo wa siti ya nyuma kuanzia upande mmoja hadi mwingine, kwa sababu msukumo wa breki una nguvu kuliko ule wa kuondoka, na ni afadhali mzigo uwe umeshafika mahali ambako breki ingeupeleka. Dumu la mafuta ya kula hubanwa kati ya kiroba na ukuta wa buti. Mifuko hufuata, bega kwa bega, na hapa kuna jambo dogo lenye manufaa makubwa: chukua mshikio mmoja wa mfuko wa kushoto na mshikio mmoja wa mfuko wa kulia, uifunge kwa fundo la kufyatuka, yaani linalofunguka kwa kuvutwa mara moja, chini kabisa karibu na vinywa vya mifuko, nayo mifuko miwili itakuwa mzigo mmoja wenye kitako cha upana maradufu. Pengo linalobaki lijazwe na kitu kisichodhurika kwa kubanwa. Pakiti kubwa ya karatasi za chooni ni kizibo bora kuliko vyote ninavyovijua, na ukiikosa, khanga mbili zilizoviringishwa zitafanya kazi hiyo.

Buti lililojaa nusu ndilo linalosumbua zaidi. Hapo ndipo wavu au mpira wa kufungia mizigo unapostahili kuingia, na usaidie kukandamiza mzigo ambao tayari umebanana. Ndoano ndogo zilizomo kwenye mabuti ya baadhi ya magari ni za mfuko mmoja mwepesi. Kuzitundikia viazi ni kuzivunja.

Kwa magari kama Probox, IST na Noah, ambayo buti lake halijatengwa na abiria, suala hili linavuka usafi wa zulia. Dumu la mafuta la lita 5 lina uzito wa karibu kilo 5. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, dumu hilo husukuma kilicho mbele yake kama mzigo wa kilo 65 au zaidi. Kwa hiyo kizito kisipande juu ya usawa wa mgongo wa siti, kifuniko cha buti kisigeuzwe rafu, na komeo la siti ya kukunja lihakikishwe kwa kuivuta kwa mkono. Pasipo abiria nyuma, fungeni mikanda ya siti hiyo, kwani husaidia kuushikilia mgongo wake.

Trei ya mayai sipendi kuiona kwenye buti. Sakafu iliyo nyuma ya siti ya mbele ni nyembamba, iko chini, na huibana pande zote. Samaki wa soko la Mwaloni wawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa kuwa maji ya barafu yakimwagika huharibu msuguano wote tuliouzungumzia, mbali na harufu. Dagaa wakavu wakae juu kabisa. Mkifika nyumbani na gari limeelekea mlimani, mlango wa buti ufunguliwe kidogo kwanza, mkono mmoja ukitangulia ndani kuzuia kilichouegemea.