Presha na mshipa mkuu: yanayosemwa na yalivyo

"Yangu ni 165 kwa 70. Ya chini iko sawa, basi sina shida."

Mzee akitoka kupimwa karibu na soko la Kibuye, Kisumu, hufurahia ile 70. Lakini hiyo hiyo ndiyo inayotia wasiwasi. Pengo la 95 kati ya namba hizo ni kubwa mno. La kawaida ni kama 40. Aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, ina upana wa sentimita 2 hadi 3, na ukuta wake una nyuzi zinazovutika kama mpira wa manati. Moyo ukipiga, aota hutanuka. Moyo ukipumzika, hujikunja na kuisukuma damu mbele, na hapo ndipo namba ya chini inaposhikiliwa. Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Presha ikikaa juu miaka nenda miaka rudi, nyuzi hizo hukatika na nyingine ngumu hushika nafasi yake. Ndipo namba ya juu hupanda, ya chini hushuka, na kila pigo hufika kwa kishindo hadi kwenye vimishipa vya figo na ubongo.

"Ingekuwa mbaya, kichwa kingeuma."

Wengi hawasikii chochote, hata sehemu ya aota inayopita tumboni ikivimba kupita sentimita 3.

"Maumivu ya ghafla katikati ya mabega ni gesi."

Kwa mwenye presha, usikisie. Maumivu yanayoanza na ukali wote papo hapo, kama kitu kinachanika, yanaweza kuwa ukuta wa ndani wa aota umeraruka na damu inajipenyeza kati ya matabaka yake. Usimpe aspirini kabla hajaonwa na daktari, wala usipoteze saa kwenye duka la dawa. Mkimbize hospitali kubwa yenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili, na useme wazi kwamba ana presha.

"Imeshuka, naacha dawa."

Imeshuka kwa sababu unameza dawa; ukiacha, itapanda tena. Endelea kupima: nenda haja ndogo kwanza, keti dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, mkanda wa mashine juu ya ngozi wala si juu ya sweta. Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha tumia daima ule uliosoma juu zaidi. Andika namba zote mbili.