Ukichanganya miti haiambukizani

"Mtaalamu, nimepanda mwarobaini mtupu. Ukichanganya miti inaambukizana." Kila mvua za Desemba zikikaribia hapa Dodoma naletewa maneno haya, na mara nyingi anayeyaleta ameshakata mkwaju na mgunga uliokuwa kiwanjani ili safu yake ipendeze. Inauma, maana huo mkwaju ndio ungemsaidia.

Fangasi wengi wanaoshambulia majani huchagua mti. Anayemweza mwembe hamwezi mgunga. Spora, yaani chembe ndogo ya uzazi ya fangasi, ikiruka kutoka mwarobaini mgonjwa ikatua kwenye mwarobaini wa pili, ugonjwa unaendelea. Ikitua kwenye mkwaju, mara nyingi safari imeishia hapo. Kwenye msitu wa majaribio wa Jiangxi, China, palipopandwa miti ya aina nyingi palikutwa aina nyingi zaidi za fangasi wa magonjwa, lakini mashambulizi kwa kila aina ya mti yalipungua. Watu wanashika kipande cha kwanza cha habari hiyo, kisha wanachukua panga.

Halafu si kila fangasi ni adui. Jani la mti linachomoza likiwa karibu halina fangasi. Wengi linawapata baadaye, kutoka hewani, kwenye matone ya mvua na kwenye majani ya miti jirani, na wengi wao huishi ndani ya jani bila kuacha hata doa. Majaribio ya kakao ya Panama, yaliyochapishwa 2003, yalionyesha kuwa majani yenye fangasi hao wa ndani yaliharibiwa kidogo na Phytophthora, kimelea kinachoozesha kakao, kuliko majani yasiyo nao. Majirani wa aina moja wanalipatia jani fangasi wale wale.

Kwa hiyo changanya, tena mti kwa mti, siyo mistari mitano ya huu kisha mitano ya ule. Ila acha nafasi ya upepo kupita. Majani yaliyosongamana yanachelewa kukauka, na hapo madoa yanashamiri hata kwenye mchanganyiko mzuri.

Mwingine ananiambia: "Ubwiri wa mwembe umehamia kwenye zabibu." Anasema ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani. Haujahama. Ubwiri unga wa mzabibu ni fangasi mwingine, na makao yake ni jamii ya mzabibu. Uache mwembe, punguza matawi ya zabibu, piga salfa mapema, tena asubuhi. Jua kali likiikuta salfa kwenye majani, yanaungua.

Na mwingine: "Majani ya mwembe yameoza, yamekuwa meusi." Lowesha kidole, sugua. Weusi ukitoka na chini jani ni la kijani, hayo ni masizi ya fangasi anayekula utomvu mtamu unaoachwa na vidukari na wadudu magamba. Hajaingia ndani ya jani. Dawa ya ukungu hapo ni hela imetupwa. Shughulika na wadudu, na uanze na sisimizi wanaopanda shina, kwani ndio wanaowalinda.