Uzunguni si mahali pa matajiri

Juzi dalali kanipigia: ana viwanja "uzunguni kabisa", Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, mita za mraba 600, hati ipo. Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia neno hilo likiuzwa pamoja na kiwanja, kana kwamba maana yake ni mtaa wa matajiri, nikaona bora niseme.

Uzunguni ni sehemu ya mji iliyotengwa enzi za ukoloni ili wakae Wazungu. Maana ndiyo hiyo.

Sasa litazame neno lenyewe: Mzungu, Uzungu, Uzunguni. Hiyo u- ni ile ya Uchina na Uhindi, ya kutaja nchi ya watu fulani, na -ni ni ya sokoni na shambani. (Habari ya mzungu na kuzunguka ina wenyewe, siingii.) Kwa hiyo aliyeaga "naenda Uzunguni" alikuwa anasema anavuka mpaka, anaingia nchi ya watu, na huku hajatoka Dar es Salaam. Ndugu zake ni Uhindini na Uswahilini. Mbeya na Dodoma hadi leo wanayo majina hayo, Uzunguni na Uhindini, na hakuna anayeshtuka.

Kinachonifurahisha ni kwamba sheria haikuthubutu kusema hivyo. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya 1914 iligawa Dar es Salaam kanda tatu kwa aina ya jengo: ya kwanza nyumba za mtindo wa Kizungu tu, ya pili majengo ya kudumu ya mtindo wowote, ya tatu vibanda vya wenyeji. Waingereza walipokuja wakaendelea na mpango wa namna hiyo hiyo. Kwenye karatasi ilikuwa habari ya kuta na mapaa, rangi ya mtu haimo. Kati ya Kariakoo na mji wa biashara pakaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Watu wa mjini hawakuhangaika na karatasi. Waliangalia nani analala wapi, wakapaita Uzunguni.

Chukua Oysterbay. Mji ulivuka kijito cha Msimbazi kwa daraja la Selander, "Salenda" kwetu sote, na ng'ambo ile, penye upepo wa bahari, serikali ikawajengea maofisa wake nyumba zenye bustani kubwa na kibanda cha boi nyuma. Ofisa hakuwa mwenye nyumba. Nyumba ilikwenda na cheo, akihamishiwa Tabora anafunga mizigo anamwachia mwenzake. Mfanyabiashara wa Uhindini angeweza kuwa na fedha mara kumi ya bwana mdogo yule wa Oysterbay, na bado asiwe mtu wa Uzunguni. Ukisema uzunguni ni kwa matajiri, huyu mfanyabiashara unamweka wapi?

Baada ya Uhuru nyumba zile zile zikaingia maofisa Waafrika, watu wa "naizesheni" (Africanization, Mwafrika kushika nafasi ya Mzungu) kama walivyotaniwa mitaani. Cheo kikabaki ndicho funguo. Fedha ilikuja kushika usukani baadaye: serikali ya awamu ya tatu, ya Mkapa, iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi, nyingine zikauzwa tena, zikavunjwa, ghorofa zikapanda kwenye bustani. Oysterbay ya leo, na Masaki jirani yake, unaingia kwa kodi, na kodi yenyewe hadi 2025 mara nyingi ilitajwa kwa dola.

Pa namna hiyo pana jina lake: ushuani. Linatoka kwa mshua, yaani baba, hasa baba mwenye nazo, na ndiyo maana mtoto wake ni "wa kishua" awe Mhaya, Mhindi au Mzungu. Halina kumbukumbu ya kanda wala kanuni. Linauliza tu mfukoni mna nini. Wakenya wao wana Milimani, Kisumu na Nakuru, linalotaja mwinuko likanyamaza kuhusu mengine.

Kwa hiyo, ndugu yangu dalali, Uzunguni waachie Dodoma na Mbeya. Madale sema ushuani. Na hata hilo, kama hutojali, lingoje kwanza lami ifike hadi kiwanjani.