Hapana, kuvuna mayai hakumalizi mayai

Msemaji hubadilika, maneno ni yaleyale. Leo shoga yako, kesho wifi, keshokutwa sauti ya WhatsApp isiyojulikana ilikotoka: "Wakikutoa mayai 15 siku moja, umejikatia miezi 15 ya uzazi. Rudia mara tatu uone kama hujakoma hedhi una miaka 38." Kwa hesabu hii wanawake wanaohitaji IVF, yaani mayai kuvunwa na kutungishwa mimba maabara, wanaahirisha mwaka mzima, na mwaka huo ndio unaoyala mayai kweli. Nimechoka kuijibu kwa mtu mmojammoja, kwa hiyo naiandika hapa.

Kosa liko mwanzoni kabisa: hesabu inadhani mwezi mmoja unatumia yai moja. Si kweli. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo yamebaki kama 300,000 au 400,000, na katika hayo yatakayopevuka na kutoka maisha yake yote ni 400 hadi 500. Mengine hakuyaiba daktari. Yanakufa yenyewe ndani ya ovari, mamia kila mwezi, mwenyewe awe mjamzito, ananyonyesha, anameza vidonge vya majira au ni mtawa. (Ndiyo, vidonge vya majira navyo havitunzi mayai. Imani hiyo nayo ina wafuasi wake, lakini leo si zamu yao.)

Fikiria mtihani wa darasa la saba. Kila mwezi kundi la vifuko vya mayai, tuseme 12, linaingia chumba cha mtihani. Ndivyo vile vidoa vyeusi vya milimita 2 hadi 10 anavyovihesabu daktari kwenye ultrasaundi siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Nafasi ya sekondari ni moja. Kifuko kinachotangulia kukua kinamwaga estrojeni, ubongo ukiiona unapunguza FSH, homoni inayovikuza vifuko, na vile 11 vilivyobaki vinakufa njaa. Havirudii darasa, wala havisubiri mwezi ujao. Vimekwisha.

Sindano za FSH, kwa wengi uniti 150 hadi 300 kwa siku, kwa siku 8 hadi 12 hivi, kazi yake ni moja: kuizuia FSH isishuke, ili hata wale ambao wangefeli wapate nafasi. Watahiniwa ni walewale 12. Darasa la mwakani halijaguswa, kwa sababu vifuko vilivyolala kule ndani bado havina hata masikio ya kuisikia FSH. Mayai tunayovuna ni yale ambayo wiki hiyohiyo yangekufa. Na ndiyo maana ukimwongezea dozi mwanamke mwenye vifuko 4 hupati mayai 15. Unapata mayai 4 ya bei ghali.

Mbona basi uvumi haufi? Kwa sababu unalishwa na mambo yanayofanana na ushahidi. Kubwa kuliko yote ni kipimo cha AMH, homoni inayotumika kukadiria akiba ya mayai, kinachofanywa wakati usiofaa. AMH hutengenezwa na vifuko vidogo. Dawa zikivikuza vyote, na sindano ikavifyonza, kwa wiki kadhaa vidogo vinavyoonekana ni vichache, na AMH inashuka. Mwanamke anapima mwezi uleule, anaona namba imeporomoka, analia. Angesubiri miezi mitatu angeikuta imerudi karibu na pale ilipokuwa. Mpimaji aliyekubali kumtoza fedha ya kipimo hicho bila kumuuliza alivunwa lini ana lawama yake. Halafu kuna hedhi inayofuata: huja mapema, nzito, au inachelewa, na aliyekwisha kutiwa hofu huona ndio mwisho umeanza. Na jambo la tatu, lililo wazi mpaka watu hawalioni: wengi wanaokuja IVF akiba yao ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Kusema IVF iliwamalizia mayai ni kama kusema gari la wagonjwa ndilo linaloua, kwa kuwa wengi waliolipanda walikuwa mahututi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mwanamke huyohuyo, anayetetemeka kwa sindano ya milimita moja na nusu, atakubali bila swali kupasuliwa uvimbe wa endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi iliyoota nje yake) kwenye ovari, ule wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti. Upasuaji ule, hasa ganda la uvimbe likibanduliwa pande zote mbili, unaondoka na tishu nzima ya ovari pamoja na mayai yaliyolala. Hapo ndipo akiba inapoguswa kweli. Sisemi usifanyiwe, wakati mwingine lazima. Nasema swali la "nitabaki na mayai mangapi?" ulilete huko, na ulilete kabla ya kutia sahihi.

Basi, twende kwenye mavuno yenyewe.

Vifuko viwili vitatu vikifika milimita 17 au 18, unachomwa sindano ya kupevusha: hCG, homoni ileile ya mimba, uniti 5,000 hadi 10,000, au dawa nyingine inayouchochea ubongo utoe LH yako mwenyewe, homoni ya kupevusha yai. Baada yake tunavuna katika saa 34 hadi 36. Mapema mno, yai halijapevuka na bado limegandamana na ukuta wa kifuko, unafyonza maji matupu. Ukichelewa sana, mayai yamekwisha kutoka na kuangukia nyongani, na hakuna wa kuyafuata huko. Kwa hiyo saa ya sindano hii ndiyo saa muhimu kuliko zote katika matibabu, na sisi Waswahili tuna mtego wetu wa peke yetu. Kadi imeandikwa "9:00" ya Kizungu, yaani saa tatu usiku. Mtu anasoma saa tisa, anaweka kengele, anajichoma saa tisa za usiku wa manane. Amechelewa saa 6 kamili, na asiposema, anavunwa kwenye saa ya 30. Ukikosea, piga simu usiku huohuo na useme saa halisi uliyochoma. Chumba cha upasuaji kinaweza kusogezwa, kupevuka kwa yai hakusogezwi. Kosa jingine: dawa ya unga. Kuna wanaojichoma yale maji ya kuchanganyia, unga ukabaki mkavu kwenye kichupa. Usitupe vichupa, vije navyo. Kukiwa na shaka, kipimo cha mimba cha mkojo siku ya pili kinaonyesha kama hCG iliingia mwilini. Kwa sababu hiyohiyo usipime mimba siku chache baadaye ukashangilia, unapima sindano.

Asubuhi ya siku yenyewe, usile kwa saa 6, na maji yakome saa 2 kabla. Usijipake manukato wala usijifukize udi, hata kama mumeo anaupenda. Maabara ya viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kutungwa, iko mlango wa pili, na mvuke wa manukato haufai kwa viinitete. Rangi ya kucha itoke, na piko nyeusi vidoleni ni ya kuepuka wiki hiyo, maana kile kibanio cha kupima oksijeni kinasoma kupitia kidole. Na uende haja ndogo kabla ya kuingia. Wengi wamezoeshwa kunywa lita nzima ya maji kabla ya ultrasaundi ya tumboni. Hapa ni kinyume, kibofu kilichojaa kinakaa njiani mwa sindano.

Hupasuliwi. Hakuna kisu wala mshono. Zamani ilikuwa kamera kupitia tumboni, na ndivyo lilivyochukuliwa yai moja tu lililomzaa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, Uingereza, 1978, bila dawa za kukuza mayai. Siku hizi unapewa dawa ya usingizi kwenye mshipa, kipimo cha ultrasaundi kinaingia ukeni kikiwa na reli ya sindano ubavuni, na sindano inapenya ukuta wa uke moja kwa moja hadi kwenye ovari, ambayo siku hiyo imevimba na imekaa jirani kabisa. Wewe umelala. Kwenye skrini daktari anagusa kifuko, kile cheusi kinanywea kama puto, anahamia cha pili. Dakika 10 hadi 20. Pampu inavuta kwa takriban milimita 100 hadi 120 za zebaki, si zaidi, yai lisichanike.

Kifuko cha milimita 18 kina kama mililita 3 za maji, ya manjano au yenye damu. Vichupa vyenye maji hayo vinakaa kwenye joto la nyuzi 37 na kupitishwa dirishani kwenda maabara. Mtaalamu wa maabara anayamimina kwenye sahani na kutafuta, si yai, bali wingu lake: ute unaong'aa, mithili ya ute wa yai la kuku, ukubwa wa punje ya mchele au zaidi, wenye nukta katikati. Nukta hiyo ndiyo yai, sehemu moja ya kumi ya milimita.

Sasa punguza matarajio. Vifuko 12 vinaweza kutoa mayai 9 au 10. Yaliyopevuka 7 au 8. Yakirutubishwa na mbegu, asubuhi inayofuata 5 hivi yana alama za kutungwa. Siku ya tano au ya sita, vimebaki viinitete 2, pengine 3. Ni hesabu ya kawaida, wala haina maana kwamba maabara imezembea. Kwa aliyevuka miaka 40 inabana zaidi.

Na nisijifanye kila kitu kimenyooka. Nikiliangalia yai chini ya darubini naweza kusema limepevuka. Kama ni zima kwa kromosomu zake, siwezi, na hakuna jicho linaloweza. Kusuuza kila kifuko kwa maji kisha kufyonza tena bado kunafanywa na wengi, ingawa kwa mwanamke mwenye vifuko vya kutosha tafiti hazijaonyesha faida yoyote. Mazoea ni dawa ngumu kuacha. Na mwanamke mmoja, dozi ileile, hupata mayai 11 mzunguko huu na 5 unaofuata. Tunatoa maelezo. Mengine tunayatunga baada ya tukio.

Nyumbani utapumzika, tumbo litauma kama hedhi kali siku mbili tatu, matone ya damu yatakuwepo. Paracetamol inatosha. Usiendeshe gari siku hiyo, na kwa wiki mbili usiruke kamba wala kunyanyua ndoo, kwa kuwa ovari iliyovimba inaweza kujisokota. Ukiona tumbo linajaa badala ya kupungua, uzito unapanda kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo unapungua, unatapika au pumzi inakata, hiyo ni ovari iliyochochewa kupita kiasi, na aliye hatarini zaidi ni mwenye vifuko vingi aliyechomwa hCG. Nenda hospitali usiku huohuo. Na usimwambie daktari wa zamu "tumbo linauma" tu, atawaza kidole tumbo. Sentensi yako ya kwanza iwe: nilivunwa mayai siku kadhaa zilizopita, na mayai yalikuwa mangapi.