Mionzi ya tezi dume na shida za choo: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Wazee wengi waliotibiwa kansa ya tezi dume kwa mionzi wanateseka na choo na hawasemi, si kwa mke, si kwa daktari, na mara nyingi kinachowafunga mdomo ni maneno waliyoyasikia kwa watu. Tangu tuanze kumuuguza baba mdogo nimeyasikia mengi sana, haya ndo yanayoumiza zaidi.

Wanasema: akianza kuharisha ujue wamemzidishia mionzi, au kansa imehamia tumboni.

Jamani sivyo. Tezi dume imekaa mbele ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo, na zimegusana, ndo maana daktari akiingiza kidole njia ya haja kubwa anaipapasa tezi kutokea hapo hapo. Sasa mionzi ikilengwa kwenye tezi, ukuta wa mbele wa puru lazima upate kidogo hata mashine iwe mpya kiasi gani. Utando wa ndani unavimba, unatoa ute, puru inashindwa kutunza choo kama zamani, mzee anahisi kubanwa kila saa halafu akifika chooni anatoa kamasi na upepo tu. Mara nyingi inaanza matibabu yakiwa katikati, na kwa wengi inapoa wiki chache baada ya kumaliza.

Wanasema: ukishamaliza na miezi ikapita basi umevuka.

Hapa ndo watu wanashtuka, maana kuna madhara yanayochelewa, yanakuja baada ya miezi sita, mwaka, wengine hata miaka kadhaa. Mishipa midogo ya damu iliyopigwa na mionzi inaharibika, panaota mingine myembamba dhaifu, choo kigumu kikipita inapasuka na mzee anaona damu nyekundu chooni. Na hapo mtaa unagawanyika, wapo wanaosema kansa imerudi na wapo wanaosema ni bawasiri tu mpakeni dawa, na wote wanakosea kwa sababu hakuna aliyeangalia ndani. Kansa ya tezi dume kama imerudi inafuatiliwa kwanza kwa kipimo cha damu cha PSA, haijulikani kwa kutazama choo. Lakini damu nayo haiachwi hivi hivi, mzee wa umri huo anaweza kuwa na kansa ya utumbo mpana yenyewe na mionzi haimkingi nayo, kwa hiyo anatakiwa apimwe kwa kamera.

Na hili naomba mlishike: kabla kamera haijaingia, mwambieni anayepima kwamba mzee alipigwa mionzi ya tezi dume. Kukata kipande cha nyama cha kupima kwenye ule ukuta wa mbele wa puru kunaweza kuacha kidonda kisichopona, hata tundu kati ya puru na njia ya mkojo. Vivyo hivyo kwa anayetaka kumfanyia upasuaji wa bawasiri, ajue kwanza historia.

Wanasema: mionzi ikishaharibu hakuna dawa, vumilia.

Hapana, dawa zipo. Damu ikiwa kidogo na wingi wa damu mwilini uko sawa, mara nyingi madaktari wanalainisha choo tu na kufuatilia, na kwa wengi inapungua yenyewe. Ikizidi kuna dawa ya kufunika vidonda inaitwa sukralfeti, inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, kuna kuchoma ile mishipa kwa gesi ya argoni kupitia kamera, na penye uwezo kuna chumba cha oksijeni ya presha. Kama anatumia aspirini au warfarini asiache kichwa kichwa, amwambie daktari, maana zinaongeza kutoka damu lakini pengine ndo zinazoulinda moyo wake.

Halafu kuna hili la kutokula. Baba mdogo akiwa na safari alikuwa anagoma kula tangu jana yake jioni, maji hagusi, amekaa kwenye basi na mfuko wa nguo safi mapajani, midomo imekauka, na bado njiani anabanwa vile vile. Ute unatoka hata tumbo likiwa tupu, unachopata ni kizunguzungu tu. Kilichomsaidia ni daktari kumruhusu kidonge cha loperamidi, kile cha kuzuia kuharisha, kabla ya safari, kula kidogo kidogo, na kukaa siti ya karibu na mlango. Ila loperamidi msinunue tu duka la dawa, kuna mzee choo kimekwama juu na kinachovuja pembeni kinaonekana kama kuharisha, huyo kidonge kitamfunga zaidi.

Kuhusu chakula, mmoja atakwambia dona na mboga kwa wingi, mwingine aache mboga zote. Tumbo lililotoka kwenye mionzi halifanani kwa watu wote. Mmoja maharage na kabichi vinamjaza gesi, mwingine ni maziwa au pilipili, kwa hiyo andikeni anachokula na kilichofuata, mpunguze kile kimoja kinachomsumbua, msimfungie kila kitu akakonda.

Sanamaki na shubiri za "kusafisha tumbo" wekeni mbali. Hizo zinaharisha, na utumbo wenyewe una kidonda.

Eti mazoezi ya nyonga ni ya kinamama waliojifungua? Mwanaume anayevuja choo yanamfaa sana, anakaza misuli kama anazuia upepo, anashikilia kidogo, anaachia, kila siku bila kukata tamaa.

Na wajukuu wamkalie babu yao mapajani, mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini. Aliyepandikizwa mbegu za mionzi, yaani vichembe vidogo vinavyotoa mionzi, ndani ya tezi ndo anapewa maelekezo yake hospitali.

Damu ya mabonge, kizunguzungu, homa, upepo au choo kutokea njia ya mkojo, tumbo kuvimba na choo kugoma kabisa, hayo hayasubiri tarehe ya kliniki, ni kwenda siku hiyo hiyo. Mengine yaandikeni kwenye karatasi kabla hamjatoka nyumbani: anaenda choo mara ngapi, usiku anaamka au la, damu ipo, nguo zinachafuka. Mzee akiona aibu kuyatamka mbele yako, mpe karatasi amkabidhi daktari, wewe toka nje.