Ufunguo wa stoo uliokuwa mkobani mwangu

Wiki iliyopita muuguzi kijana aliyekabidhiwa wodi alinipigia simu. "Shikamoo sista. Hamasa ya kuongoza unaipata wapi? Kuna semina nzuri nihudhurie?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na safari hii nilijibu kwa ukali ambao binti wa watu hakustahili. Nimeshamwomba radhi. Jibu lenyewe naliandika hapa.

Hamasa ya semina naijua. Mzungumzaji anapaza sauti, tunasimama, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani tumejaa moto. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi unapokea ripoti ya zamu ya usiku, wagonjwa 40, wauguzi 3, na moto umeshazimika. Anayengoja kutiwa moyo na mtu asiyeijua wodi yake atangoja sana.

Mimi hamasa yangu nimeiokota wodini, kwa njia ya kaizen, yaani ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma. Najua wengi mkisikia neno hilo mnaona lebo kwenye makabati. Tangu Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ianze 5S, zile hatua tano za kupanga mahali pa kazi, mwaka 2007 na hospitali nyingine kufuata, tunaimba: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hayo siyaelezi, yamebandikwa ukutani kwenu. Kinachoniudhi ni kwamba tumeyaacha hukohuko ukutani.

Kiini cha kaizen ni kwenda pale kazi inapofanyika na kutazama. Taiichi Ohno, mmoja wa viongozi wa viwanda vya magari vya Toyota, alikuwa akichora duara sakafuni kwa chaki, anamsimamisha mtu ndani yake atazame kazi kwa saa kadhaa. Atazame, asikague. Hapa ndipo wasimamizi wengi tunapoharibu. Unaingia na daftari mkononi, uso umeukunja, na kabla hujafika kitanda cha pili habari zimeshafika cha mwisho. Shuka zinanyooshwa, chati zinajazwa harakaharaka. Ulichokiona hapo ni wodi iliyokuogopa. Ile ya kila siku inataka ukae hadi watu waache kugeuka kukuangalia, na hilo kwangu halijawahi kutokea chini ya nusu saa.

Jambo la pili ni "kwa nini" tano, ambazo pia ni za Toyota: unauliza "kwa nini" tena na tena, kama mara tano, hadi ufike kwenye chanzo cha tatizo. Tunazigeuza kuwa "nani". Kwa nini sindano imechelewa? Kwa sababu ya fulani. Basi, fulani anaandikiwa barua ya kujieleza, na sindano kesho zinachelewa tena. Umepata jina la mtu, sababu bado iko palepale.

Nasema hivi kwa kuwa nilikuwa hivyo. Katika hospitali moja niliyowahi kufanyia kazi, sindano za saa kumi na mbili asubuhi zilichelewa karibu kila siku. Niligomba kwenye makabidhiano, nikaandika kwenye kitabu cha ripoti kwa kalamu nyekundu. Siku moja nikaamua kuja alfajiri, nikaketi kwenye benchi karibu na meza ya wauguzi. Muuguzi wa zamu alitoka mbio kwenda wodi ya jirani, akarudi na maji ya kuchanganyia dawa na kanula 4, vile vijirija vya kuingizia dawa mshipani, mfukoni. Akaenda tena. Nikamuuliza mama mhudumu aliyekuwa akipiga deki kwa nini wasichukue stoo kwetu. Akaegemeza fagio ukutani, akasema taratibu, "Sista, ufunguo si unaondoka nao wewe?"

Ulikuwa mkobani mwangu. Kila siku saa tisa na nusu alasiri nilikuwa naondoka nao kwenda nyumbani, kwa kuwa nilidhani hivyo ndivyo vifaa vinavyotunzwa. Tuliuhamishia kwenye kabati la dawa, unakabidhiwa kwa sahihi kila zamu. Ucheleweshaji ule ukaisha, ila nilichokibeba mimi ni kingine: mama yule alikuwa anajua siku zote, na mimi sikuwahi kumuuliza. Tangu hapo nikikabidhiwa wodi mpya, wa kwanza kuzungumza naye ni mhudumu.

Sasa mashaka yangu. Hizo "kwa nini" tano hazina uchawi. Mara nyingine mbili zinatosha, mara nyingine unajikuta umeziongoza hadi pale ulipotaka kufika tangu mwanzo. Mara nyingi zaidi zinaishia kwenye "watu hatutoshi", na hapo msimamizi wa wodi hana kalamu ya kuajiri. Nimeona pia wodi zilizong'aa zikarudi zilivyokuwa miezi michache baada ya kiongozi kuhamishwa, yangu ikiwamo, na sijui bado kama nilijenga utaratibu au watu walikuwa wananiridhisha mimi tu. Na zipo siku tumepoteza mgonjwa ambazo sitafuti funzo lolote. Nakaa na wenzangu, tunakunywa chai, basi.

Wiki hii nimeketi karibu na sinki. Wauguzi wakitoka vitanda vya upande wa dirishani wanalipita, wanakwenda kunawa lile la mbali au hawanawi kabisa. Nilikuwa tayari kuwaza uzembe. Jana nikafungua bomba mwenyewe: maji yanaruka hadi kwenye viatu. Soksi zimelowa na zamu ndiyo kwanza imeanza. Fundi ameahidi kuja Alhamisi.